Nimemweka Mungu wa kwanza, mbona bado nimefungwa?

Bwana asifiwe, Mama.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Busia upande wa Uganda. Nauza dagaa, huku tunaziita mukene. Nazinunua Majanji ziwani kwa magunia na kuziuza sokoni kwa mkebe. Wateja wangu wengi ni akina mama wanaovuka kutoka Kenya, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha yangu ya kazi. Siku hizi hata ndoto naota kwa Kiswahili.

Niliokoka miaka tisa iliyopita. Miaka miwili nyuma mambo yaliyumba. Magunia mawili yalinyeshewa yakaoza, dada yangu akaachwa na mumewe, na mimi nikaanza kuota nyoka amelala kwenye kizingiti cha mlango wetu. Jirani akanipeleka kwenye kanisa analosali. Mtumishi aliniwekea mkono kichwani akasema anaona minyororo saba ya ukoo, upande wa mama yangu. Akasema haitakatika mpaka nimweke Mungu wa kwanza kuliko tumbo langu, na kwamba kila mnyororo una mbegu yake, yaani sadaka ya pesa.

Mbegu ya kwanza ilikuwa shilingi 50,000. Ya pili 100,000, ya tatu 250,000. Ya nne ilikuwa 600,000, na sikuwa nayo. Nikakopa kwenye kikundi chetu cha akiba. Tuko wanawake 25, sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu, mmoja wao ni mimi. Niliwaambia nataka kuongeza mtaji wa mukene. Jioni ileile pesa nikazitia kwenye bahasha nikazipeleka madhabahuni. Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Riba ni asilimia 5 kwa mwezi, na Desemba tunagawana. Binti yangu yuko darasa la saba, ana mtihani wake wa mwisho mwaka huu, na ada bado ina pengo. Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Juba. Yeye anajua tu kwamba biashara ni ngumu.

Mama, sijazembea. Maombi ya alfajiri saa kumi na moja nafika kila siku ya kazi, Jumatano nafunga, Ijumaa ni mkesha. Lakini amani sina. Simu ya mtumishi ikilia moyo unanidunda. Nikikosa mkesha nalala taa inawaka. Juzi nilimwona mwenzangu wa kikundi kwenye foleni ya maji, nikageuka na jerikani langu likiwa tupu. Sasa nimeambiwa mnyororo wa tano ndio ulioshika watoto, na mbegu yake ni milioni 1. Tuna kiwanja kidogo tulichonunua mimi na mume wangu, karatasi zake ziko kwenye sanduku la nguo. Nimeshaulizia bei.

Swali langu: Maandiko yanasema tuutafute kwanza ufalme wake na hayo yote tutazidishiwa. Mimi nimeutafuta kwanza, mbona yangu yanazidi kupungua? Imani yangu ni ndogo? Na nikiacha sasa, si hiyo minyororo itarudi na hasira?

Samahani kwa mwandiko. Nakuandikia nikiwa sokoni, kila mara naacha kalamu nikampimie mteja. (Mkebe wangu umebonyezwa chini kama ya wote hapa, usipofanya hivyo huoni faida.)

Aliyechoka, Busia

*

Amina, binti yangu.

Kabla ya lolote, karatasi za kiwanja ziache hapohapo kwenye sanduku la nguo. Zifunike na mablanketi. Kiwanja ni cha wawili, na mmoja wa hao wawili yuko barabarani hajui kitu. Hilo halingoji tumalize mazungumzo.

Sasa tuzungumze.

Imani yako si ndogo. Mwanamke anayefika maombini saa kumi na moja alfajiri siku tano kwa wiki, akafunga, akakesha, kisha akashinda juani akipima dagaa, huyo imani anayo ya kugawia wengine. Nilichofanya ni kuisoma barua yako nikitafuta neno moja tu: hofu. Nikakuta unaogopa simu ya mtumishi. Unaogopa giza ukikosa mkesha. Unaogopa minyororo itarudi na hasira. Hata mwenzako mwenye jerikani unamwogopa. Ila sikuona mahali ulipoogopa kwamba uliwatazama wanawake 24 usoni ukawaambia pesa ni ya mtaji. Hilo umelitaja kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Mimi huwa napima hivyo, kwangu na kwa wengine: wa kwanza moyoni mwa mtu ni yule anayemwogopa kuliko wote. Saa za maombi hazikuambii, wala bahasha. Kwako kiti cha mbele kimekaliwa na ile minyororo. Na hofu ikizoea kulishwa 50,000, haiwezi tena kushiba 50,000. Umeziona hesabu mwenyewe: 50, 100, 250, 600, milioni. Hata mfanyabiashara wa soko la Owino kule Kampala hapandishi bei hivyo.

Kuhusu laana ya ukoo nitasema kidogo, maana Biblia yenyewe imesema waziwazi. Soma Ezekieli sura ya 18 yote, siyo mstari mmoja. Watu walikuwa na methali yao kwamba baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu anawakataza wasiitumie tena katika Israeli. Mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Basi na binti hatauchukua wa bibi mzaa mama. Dada yako kuachwa kunauma, lakini wanaume huacha wake hata katika koo zilizobarikiwa mara saba. Magunia yalinyeshewa kwa sababu mvua ilinyesha. Nyoka hata mimi namwota. Nimekulia Walukuba hapa Jinja, karibu na ziwa, nyoka tulikuwa tunawaona macho makavu, sembuse usingizini.

Turudi kwenye Mathayo 6:33, maana hapo ndipo umefungiwa. Nataka uchukue Biblia yako ufuatilie neno moja dogo, *kwanza*. Bwana Yesu amelitumia zaidi ya mara moja katika mahubiri yaleyale ya mlimani. Kabla kidogo ya aya yako, sura ya 5, anasema ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako hapo mbele ya madhabahu, uende zako, "upatane kwanza na ndugu yako", kisha urudi uitoe. Na baada ya aya yako, sura ya 7, anasema "itoe kwanza ile boriti katika jicho lako mwenyewe". Basi ile *kwanza* ya ufalme imekaa katikati, huku ndugu uliyemkosea, huku boriti ya jichoni. Anayekusomea ya katikati peke yake amekukatia shuka vipande vitatu akakufunika kwa kimoja.

Tazama ilivyokuwa kwako. Ulifika madhabahuni na 600,000, na wenye neno juu yako walikuwa 24. Kwa maneno ya Yesu mwenyewe, bahasha ile ilipaswa kuwekwa chini nawe utoke nje. Madhabahu yangengoja. Katika Marko 7 anawasema vikali watu waliochukua kilicho haki ya baba na mama wakakiita Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, halafu wakajiona wacha Mungu. Ada ya binti yako nayo imeshaitwa Korbani.

Na sasa mkebe.

Uliuweka kwenye mabano, binti yangu, kama mtu anayeficha kitu nyuma ya mlango. Nimekwama hapo kuliko pengine pote. Naujua mkebe wa namna hiyo. Unageuzwa, unagongwa kitako kwa nyundo ya mbao mpaka chini panaingia ndani kama kifua cha mtu mwenye njaa. Ukiujaza dagaa juu inasimama kilima, mteja anaona kilima, haoni shimo. Konzi moja hivi imebaki kwako. Huyo mama akivuka mpaka, akifika nyumbani akazimimina kwenye gorogoro yake, kopo lake la kupimia, anajua. Hasemi, kwa sababu kesho atakuja tena na hana pengine pa kwenda. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana.

Saa kumi na moja alfajiri unasema Mungu ni wa kwanza. Saa mbili asubuhi, mkebe mkononi, nani wa kwanza? Nakuuliza kwa upendo, na najua utaniambia wote sokoni wanafanya. Ndiyo, wote wanafanya.

Nikusimulie jambo la nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa mlokole wa kizamani. Ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda miaka ya 1930, ulikuwa na jambo moja lililowaudhi hata baadhi ya wachungaji: waliookoka walikuwa wanarudisha vitu. Mtu anatembea siku nzima kurudisha mbuzi aliyemwiba kabla hajaoa. Baba aliokoka baadaye sana, mimi nikiwa na miaka minane hivi, naye akafuata desturi ileile. Alikuwa fundi kiwandani. Jumapili aliokoka, Jumatatu kabla ya king'ora cha asubuhi alifungua kabati, akatoa spana tatu, koleo moja, na kopo la rangi ya kijani lililobaki nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye milango yetu, kila mgeni alikuwa anaisifia. Akavitia vyote kwenye gunia akaenda navyo. Mama alikaa jikoni akilia, maana alijua kazi imekwisha na nyumba ilikuwa ya kazi.

Msimamizi alipokea vile vyuma, akamkata mshahara miezi miwili kwa ajili ya rangi, akamwambia arudi kwenye mashine yake. Miezi hiyo miwili tulikula posho, yaani ugali, na mukene mpaka tukachukia harufu yake (unisamehe, ni biashara yako). Lakini ninachokikumbuka zaidi ni usiku. Zamani gari la walinzi likipita barabarani usiku, baba alikuwa anaamka na kukaa kitandani. Baada ya Jumatatu ile gari lilipita, lilipita tena, na yeye anakoroma tu. Watu wakiniuliza uhuru wa kiroho ni nini, wanatazamia niwaambie kitu cha mbinguni, na mimi nausikia ule mkoromo.

Lipo neno katika Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya 1952, ambalo nalipenda sana. Wagalatia 5:1: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru; kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Sisi wa bara tunapita hapo haraka. Ukimwuliza mtu wa pwani, ungwana ni hali ya mtu asiyemilikiwa na mtu. Na kuandikwa huru ni jambo lililofanyika kweli: bwana anamwandikia mtumwa wake karatasi, anatoka nayo mkononi. Zanzibar utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1897, kwa hiyo Biblia hiyo ilipotoka palikuwa na wazee walioijua karatasi ile kwa macho. Sasa fikiria mtu ameshaandikwa huru, halafu anatokea jirani anamwambia, karatasi yako ina sehemu saba, nilipe mimi moja moja nikufungulie. Mngwana gani anakubali? Ni yule tu ambaye hajaisoma karatasi yake. Hakuna mnyororo wa tano. Ukiacha kulipa hakuna kitakachorudi na hasira, isipokuwa pengine simu ya mtumishi.

Kuhusu huyo mtumishi simhukumu, sijamwona. Lakini mjaribu kwa njia rahisi. Nenda siku moja mikono mitupu, mwambie: sina kitu na sitakuwa nacho, niombee. Akikuombea kama alivyokuombea ulipokuwa na bahasha, ongea naye zaidi. Akikutajia kiasi, kumbuka Matendo 8, Petro alivyomwambia Simoni: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Huyo alikuwa anataka kununua, wauzaji sijui Petro angewaambia nini. Ukipenda kumwomba akurudishie ile 600,000 kwa ajili ya deni, mwombe, una haki hiyo. Usiipangie matumizi.

Sikuambii uache kutoa. Paulo anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Kwa sasa, mwenye deni la uongo atoe kwanza ukweli, shilingi zitafuata.

Mumeo usimwambie kwa simu akiwa kwenye foleni ya forodha pale mpakani Elegu na lori nzito nyuma yake. Mngoje afike, aoge, ale, watoto walale. Anza na kiwanja: mwambie nilitaka kukiuza na sikukiuza. Kisha mwambie yote, mpaka 50,000 ya kwanza, na usimwachie dogo la kugundua mwenyewe baadaye. Atakasirika, na ana haki. Kama unahofia hasira yake itavuka maneno, awepo mtu mzima mnayemheshimu wote wawili.

Kikundi kisingoje Desemba, wala kisimngoje mumeo. Mkutano ujao, kabla sanduku halijafunguliwa, simama useme: nilikopa kwa jina la mtaji, sikununua mtaji. Wakiuliza ilikwenda wapi, waambie. Usishangae wawili watatu wakitazama chini. Huenda si wewe peke yako. Deni mpaka sasa ni 600,000 na riba ya miezi minne, 120,000 kama hujalipa yoyote. Vikundi vingi havimkopeshi mtu zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Kama chenu kina kanuni hiyo, una angalau 200,000 zako humo. Omba zikatwe siku ya kugawana, na kilichobaki mpange kukilipa kidogo kidogo. Inawezekana wakakutoza faini. Inawezekana wakauchukua ufunguo. Uwape, na usilie sana mbele yao. Ufunguo ulikuwa unakuchoma.

Ada nenda shuleni mwenyewe kabla hawajamtuma mtoto nyumbani. Walimu wakuu wanawapa nafasi wazazi wanaokuja wenyewe kuliko wanaojificha, na mtoto wa darasa la saba asikose hata wiki moja sasa.

Mkebe umpelekee fundi wa bati, augonge kutoka ndani mpaka kitako kinyooke. Panda bei kidogo kama huna budi, bei ya mkebe ulionyooka, na useme hivyo kwa sauti. Majirani wa meza watakununia. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini yeye alijua aliowanyang'anya; wewe wako wametawanyika kule ng'ambo, hutawapata wote. Kwa wale wanaorudi, ongeza konzi moja ya nyongeza kila mmoja, ileile konzi iliyokuwa inabaki kwako, usiwaelezee sana. Na usiku zima taa. Kama usingizi haujaja, sali ukiwa umelala, Mungu anasikia hata sauti inayotoka chini ya shuka.

Wiki mbili tatu zikipita niandikie tena. Niambie mumeo alisema nini, na kama yule mama wa jerikani mmesalimiana.